Wahariri wapya kumi na mmoja, wamebaki wawili: tunakosea wapi kuwaongoza?

#1 Wanale (Mbale)

Wadau, salaam. Ninasimamia klabu ndogo ya wanafunzi hapa Mbale, tunaandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Mwezi uliopita niliingiza wapya kumi na mmoja. Niliwapa Jumamosi nzima, chai na mandazi, kila mmoja akafungua akaunti, akachagua mada, akaandika makala yake. Walitoka pale wamechangamka. Leo ni wiki ya tatu na wamebaki wawili. Makala saba kati ya kumi na moja zimefutwa.

Nimekaa nikazipitia moja moja kutoka kwenye nakala walizoniachia. Nne zilistahili kufutwa, zimenakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti za watu. Moja ilimhusu babu wa mwandishi, mzee wa heshima kijijini kwake, lakini hakuna gazeti wala kitabu kilichowahi kumtaja. Mbili zilizobaki sikuona kosa zaidi ya kukosa marejeo.

Dai langu ni hili, nanyi nipingeni. Kosa lilifanyika asubuhi ile ile nilipowaambia waanze na makala mpya. Anayejifunza useremala hapewi kabati siku ya kwanza, anapewa msasa. Mgeni angepewa tarehe moja ya kusahihisha, sentensi moja ya kunyoosha, kiungo kimoja cha kuweka, akaona kazi yake imekaa, angerudi kesho. Nyie mnaoongoza wapya mnafanyaje?

#2 MpakaMalaba

Mwalimu, unajibebesha mzigo usio wako. Watu hawakimbii kwa sababu walianza na makala mpya. Wanakimbia kwa namna wanavyofukuzwa.

Mimi makala yangu ya kwanza ilihusu foleni ya malori hapa mpakani. Ilidumu saa mbili. Kwenye ukurasa wangu wa majadiliano ukabandikwa ujumbe uleule anaobandikiwa kila mtu, maneno ya sheria matupu, hakuna salamu, hakuna jina. Nilijisikia kama nimeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nilikaa mwaka mzima ndipo nikarudi, na nilirudi kwa sababu rafiki alinishika mkono. Wikipedia ina mwongozo wa siku nyingi unaosema wageni wasing'atwe. Uko umeandikwa. Wanaousoma ni wachache.

#3 Kalamu_ya_Jinja

MpakaMalaba, pole kwa yaliyokukuta, lakini upande wa pili nao usikilizwe. Mimi jioni nikipata nafasi hufungua Mabadiliko ya Karibuni, ukurasa unaoorodhesha mahariri mapya, na kukagua. Unakuta mtu ameandika wasifu wake na namba ya simu. Mwingine amebandika tangazo la hoteli. Wa tatu kamwaga tafsiri ya mashine ambayo hata yeye hakuisoma. Wakabidhi, yaani wasimamizi wenye uwezo wa kufuta makala, ni wachache, wote wanajitolea, nao wana kazi na watoto. Ukiwa na makala thelathini za kusafisha kabla ya kulala, utaandika barua ya upole kwa kila mmoja saa ngapi?

Na tukumbuke Wikipedia yetu bado changa. Ilianza 2006 kama sikosei, miaka mitano baada ya ile ya Kiingereza.

Dai la mwalimu naliunga mkono. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, tangu 2018, mgeni hawezi kufungua makala moja kwa moja mpaka akaunti yake itimize siku 4 na mahariri 10. Ukiifikiria, ni msasa uleule aliousema.

#4 Fundi_Simu_Arua

Ya Kiswahili ilianza 2003, kaka. Ya Kiingereza ndiyo Januari 2001.

Sasa niseme langu. Nyote mnazungumzia adabu na mafunzo, mimi nazungumzia simu. Watu wananiletea simu hapa dukani: "Fundi, Wikipedia imenifungia." Naishika, naangalia juu ya kioo, VPN imewashwa, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali. Hapa Uganda tuliizoea VPN tangu Julai 2018, ilipokuja ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia mitandao ya kijamii. Kodi ikaondolewa 2021, ikaja asilimia 12 kwenye data, lakini Facebook ilikuwa imeshafungwa tangu Januari ya mwaka huo huo. Basi VPN ikabaki simuni. Mtu anaiwasha asubuhi anaisahau.

Wikipedia inazuia kuhariri kupitia seva za aina hiyo kwa sababu waharibifu hujificha humo. Kusoma utasoma vizuri kabisa. Ukigusa "hariri", unaambiwa umezuiwa, mara nyingi hata kama umeingia na akaunti yako. Mgeni hajui kuwa kilichozuiwa ni njia aliyopitia. Anaona yeye ndiye amehukumiwa.

Na mwalimu, nikuulize: hao kumi na mmoja walifungua akaunti zote kwenye mtandao mmoja wa shule?

#5 Wanale (Mbale)

Ndiyo, mtandao mmoja. Na sasa umenikumbusha jambo. Akaunti sita zilikwenda vizuri, ya saba ikagoma. Nikadhani ni mtandao umechoka. Watano wakafungulia nyumbani usiku kwa simu zao.

#6 Fundi_Simu_Arua

Si mtandao. Anwani moja ya IP, yaani namba ya mtandao mnaotumia, inaruhusiwa kufungua akaunti sita kwa siku, ya saba lazima igome. Dawa ni mbili: wafungue kwao siku moja kabla, au uombe mapema ruhusa maalumu ya warsha, kikomo kinaondolewa kwa siku hiyo. Na kwenye tangazo la warsha andika kwa herufi kubwa: ZIMA VPN.

#7 BomboMnubi

Asante fundi, hilo nimejifunza leo. Lakini kuna jambo hamjaligusa, na kwangu ndilo kubwa kuliko VPN.

Mpwa wangu amezaliwa Bombo, nyumbani tunasema Kinubi, nje tunasema Kiswahili chetu cha Uganda. Aliandika kwenye makala moja "iko shule tatu". Mhariri akaja akaandika "kuna shule tatu". Sawa, kasahihisha, hakuna ugomvi. Lakini kwenye muhtasari wa badiliko akaweka maneno mawili: "Kiswahili kibovu". Mtoto alisoma yale maneno mawili, akaweka simu chini. Hajaigusa Wikipedia tangu siku hiyo.

Sisi tumekua tukiambiwa Kiswahili cha Uganda ni cha askari na wezi. Wazazi wengine Kampala walikataza watoto wasikiseme kabisa. Mtu anayebeba jeraha hilo akipata ujasiri wa kuandika mbele ya dunia, neno "kibovu" linamchoma mahali ambapo aliyeliandika hapajui. Angeandika "sarufi" tu, ingetosha.

#8 KaseseMlimani

BomboMnubi umenena. Na niongeze, si kila linaloitwa kosa ni kosa.

Niliandika makala ya gombolola moja huku kwetu. Nikaandika "gombolola". Mhariri mmoja akabadilisha ikawa "kata". Nikatengua. Akatengua. Nikatengua tena. Tukakaribia kile kikomo cha kutengua mara tatu kwa siku, nikasimama nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano. Hoja yangu ilikuwa hii: kata ni ngazi ya Tanzania, iko chini ya tarafa. Kwetu ngazi ni kijiji, muluka, gombolola, saza, wilaya. Mabaraza ya ngazi hizo tunayaita LC1, LC2, LC3, LC4, LC5. Gombolola lina baraza lake na bajeti yake. Ukiliita kata, Mtanzania anaona kitu kimoja, Mganda anaona kingine, wote wawili wamepotea.

#9 DadaBusia

Lakini kaka, na mimi msomaji wa Busia upande wa Kenya nikikuta "gombolola" bila maelezo, ninapotea vilevile. Kwetu ni kaunti ndogo. Msomaji wa Lubumbashi je? Andika gombolola, halafu nusu sentensi ya kueleza ni ngazi gani. Mgeni akifundishwa kufikiria msomaji wa mbali, nusu ya ugomvi wa namna hii haizaliwi.

Mimi huwapa wapya zoezi dogo: chukua makala ya Mlima Elgon, isome, tafuta kitu kimoja tu cha kuboresha. Mlima wenyewe wanauona wakiamka, mita 4,231 mbele ya macho yao, lakini wengi hawajui kilele kinaitwaje.

#10 KaseseMlimani

Dada, 4,321. Tarakimu umezigeuza. Kilele ni Wagagai, na kiko upande wetu wa Uganda. Sisi wa Rwenzori tunao Margherita wa mita 5,109, kwa hiyo milima midogo tunaihesabu kwa utulivu.

#11 DadaBusia

Haya, nimekubali kusahihishwa. Umeona lakini? Umenirekebisha, ukanipa sababu, ukanitania, na bado nipo hapa. Hivyo ndivyo mgeni anavyotakiwa kurekebishwa.

#12 Mzee_wa_Gulu

Watoto wangu, hamjambo. Nimelelewa kwenye kambi za jeshi, Kiswahili ndiyo lugha iliyowakutanisha mama yangu na baba yangu wakaoana. Nisemeni kama ninakosea: Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Uganda mwaka 2022 tu. Tutegemeeje vijana wakiandike vizuri leo wakati kimeingia darasani jana? Mnawalaumu wahariri wapya na wakabidhi bure. Lugha yenyewe haijapewa muda.

#13 Kalamu_ya_Jinja

Mzee, shikamoo. Kwa heshima: katiba ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoamua kwa sheria. Kilichotokea Julai 2022 ni Baraza la Mawaziri kuidhinisha utekelezaji na kutaka kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Watu wengi huchanganya hizi mbili.

#14 Mzee_wa_Gulu

Asante mwanangu, na nyuma ya hapo kuna ile amri ya Amin ya 1973 iliyokifanya lugha ya taifa. Mimi niliisikia kwa redio ya baba. Hilo mtaliandika na marejeo gani, redio ya baba?

#15 BomboMnubi

Mzee, hilo lina vitabu tele, utapata maktaba ya Makerere. Ila swali lako la redio ya baba ni zito kuliko unavyodhani.

#16 Mlinzi_wa_jukwaa

Wakuu, historia ya lugha ina uzi wake. Turudi kwa wahariri wapya wa mwalimu.

#17 Wanale (Mbale)

Mlinzi, niruhusu, maana mzee amegonga pale pale ninapokwama. Suala la redio ya baba ndilo la wanafunzi wangu.

Nina kijana wa Kigisu. Imbalu, tohara ya Wagisu, anaijua kwa mwili wake mwenyewe, alitahiriwa mwaka wa shufwa kama desturi ilivyo, alikuwepo Mutoto, uwanja wanapoifungulia, siku ya ufunguzi, nyimbo anaziimba zote. Akafungua makala inayohusu imbalu, akaona mambo hayajakaa sawa, akasahihisha. Ikatenguliwa kwa sababu hakuweka marejeo. Akaniuliza: "Mwalimu, marejeo ni mimi. Nilikuwepo." Mimi sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimweleza kanuni ya kutoweka utafiti wa mtu binafsi, akanitazama tu. Yeye ni mmoja wa walioondoka.

#18 Kalamu_ya_Jinja

Jibu lipo, lakini ni la kazi. Msomaji wa mbali hawezi kumpigia simu kijana wako amuulize. Kanuni inataka kitu ambacho mwingine anaweza kukifungua na kuthibitisha. Kijana mwingine naye angesema "nilikuwepo" na akaandika kinyume chake, tungemwamini nani?

Hata hivyo, kwa imbalu yuko pazuri. Kila mwaka wa shufwa New Vision na Daily Monitor huandika juu ya ufunguzi wa Mutoto. Akae na magazeti matatu, achague sentensi zinazounga mkono anachokijua, aweke tanbihi. Na si lazima chanzo kiwe cha Kiswahili! Hili wapya wengi hawaambiwi. Chanzo kinaweza kuwa Kiingereza, au Kiganda kama Bukedde, mradi kinaaminika. Uganda hatuna gazeti la kila siku la Kiswahili, tukingoja lianze ndipo tuandike, hatutaandika.

#19 MpakaMalaba

Na yale ambayo hakuna gazeti lililowahi kuyaandika? Babu wa yule mwanafunzi? Kalamu, unasema "kazi" kana kwamba karatasi zipo mahali zinangoja. Kwa koo nyingi hazipo. Wazee wanakufa na vitabu vyao kichwani.

#20 BomboMnubi

Baganda leo wana cha kutaja kuhusu koo na wafalme wao kwa sababu Apolo Kagwa, akiwa katikiro, waziri mkuu wa Buganda, aliketi mwanzoni mwa karne ya 20 akayaandika kwa Kiganda yaliyokuwa midomoni mwa wazee. Hadithi ya mdomo iliyoandikwa na kuchapishwa inageuka kuwa chanzo. Kwa hiyo yule wa babu tusimfukuze tukasema "hana umaarufu". Tumwambie: rekodi wazee, andika, tafuta mahali pa kuchapisha, jarida la chuo, kitabu cha ukoo, hata gazeti la mkoa. Kamusi elezo itakuja nyuma. Kumwambia mtu "sio hapa, bado" ni tofauti kabisa na kumwambia "hapana".

#21 MpakaMalaba

Umesema vizuri, ila mtoto wa miaka kumi na saba ukimwambia achapishe kwanza kitabu cha ukoo, umemwambia hapana kwa maneno marefu.

#22 Mkoba_wa_Zawadi (Kampala)

Nimesoma yote kimya. Naona wote mnazunguka kitu kimoja hamtaki kukitaja: mashindano. Nimeshiriki mengi. Zawadi ni bando na fulana, mwingine simu. Pointi zinahesabiwa kwa idadi ya makala. Mgeni anafanya nini? Anachukua makala ya Kiingereza, anaipitisha kwenye mashine, anabonyeza chapisha. Ishirini kwa usiku mmoja. Mashindano yakiisha, ameisha naye. Hakuja kuandika, amekuja kwa bando, na bando kwetu ni pesa, simlaumu.

Nimeona makala ya korongo-taji, ndege wetu wa bendera, imeandikwa mwanzo mpaka mwisho kuwa "kreni", ile mashine ya kunyanyulia mizigo, maana kwa Kiingereza vyote viwili ni "crane". Kreni yenye taji hutaga mayai. Aliyeandika ni Mganda, amemwona ndege huyo shambani kwao maisha yake yote. Hakusoma alichokichapisha.

#23 Kalamu_ya_Jinja

Hiyo ya kreni niliisafisha mimi! Saa nzima. Na kwenye aya ya timu ya taifa nayo ilikuwa "Kreni za Uganda".

Tafsiri si dhambi lakini. Chombo cha kutafsiri kilichomo ndani ya Wikipedia chenyewe humwonya mtu asipogusa maneno ya mashine, na kinataja chenyewe makala ilikotoka. Hilo la kutaja ni wajibu: maandishi yote yako chini ya leseni ya CC BY-SA, unaruhusiwa kuyachukua ila umtaje aliyeyaandika. Wapya wanaonakili kwa mkono hawataji, halafu wanashangaa.

#24 DadaBusia

Mkoba, mimi nilianza kwa mashindano, na bado nipo mwaka wa nne. Zawadi ilinileta, watu wakanibakiza. Mama mmoja, simjui uso, kila nilipochapisha aliingia nyuma yangu akaweka jamii (makundi ya mada) na viungo, halafu ananiandikia mstari mmoja: "Nimeongeza jamii, tazama nilivyofanya." Sikuwahi kuhudhuria warsha yoyote. Yeye ndiye aliyekuwa warsha yangu.

#25 Wanale (Mbale)

Nawashukuru nyote. Sasa nina sababu saba na kila moja inaonekana ya kweli. Jumamosi ijayo nataka kujaribu: hakuna makala mpya. Kila mtu asahihishe vitu vitatu, na kila mtu alete picha moja aliyoipiga mwenyewe, ya soko, ya daraja, ya mlima, tuiweke Commons, ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia. Picha uliyopiga mwenyewe haina ugomvi wa kunakili. Nimesikia pia Wikipedia nyingi sasa zina ukurasa wa mwanzo wa mgeni wenye kazi ndogo ndogo zilizopendekezwa, tutautumia huo.

#26 MpakaMalaba

Mwalimu, jaribu, lakini nakuonya. Lugha yetu ina mashimo makubwa, vijiji, mito, watu, havina hata mstari. Kijana anakuja na moto wa kuziba shimo, unampa koma. Koma hazimfanyi mtu aamke usiku.

#27 nilikuwa_mmoja

Habari zenu. Mimi ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Nilikuwa nasoma tu, nimefungua akaunti hapa leo ili nijibu.

Mwalimu, sikuondoka kwa sababu ya VPN wala Kiswahili. Makala yangu ilihusu soko, na aya mbili nilizinakili, nakubali, sikujua. Haikuniuma ilipofutwa. Lakini siku ile ulituambia tutumie majina yetu kamili kwenye akaunti ili uweke alama ya mahudhurio. Nikaandika majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye cheti. Wiki iliyofuata kaka yangu alikuwa ananitafutia kazi, akatafuta jina langu kwenye intaneti, kitu cha kwanza kilichotokea ni ukurasa wangu wa majadiliano umeandikwa ukiukaji wa hakimiliki. Akaniuliza nimeiba nini. Nyumbani walidhani ni jambo la polisi. Nikajaribu kuufuta ule ujumbe, ukarudishwa. Niliogopa kila nikihariri jina linaongezeka pale. Ndiyo maana niliacha.

#28 Wanale (Mbale)

Mwanangu. Nisamehe sana. Mahudhurio ningeweza kuyaandika kwenye daftari. Sikuwaza hata mara moja kwamba jina hilo dunia nzima inaliona. Mama yako nitampigia leo jioni nimweleze mwenyewe kwamba hakuna polisi.

#29 Fundi_Simu_Arua

Dada, hili linatengenezeka. Kuna ukurasa maalumu wa kuomba kubadilishiwa jina. Ingia na akaunti yako ya zamani, weka barua pepe ili ujibiwe, andika jina jipya unalotaka na sababu kwa mstari mmoja: nilitumia jina halisi bila kujua, nahofia faragha. Likikubaliwa, michango yako yote ya nyuma inahamia chini ya jina jipya, kwenye Wikipedia za lugha zote. Lisiwe jina la kampuni wala la mtu maarufu.

#30 Kalamu_ya_Jinja

Niongeze ili usishtuke baadaye: sahihi ulizoweka kwa jina la zamani kwenye kurasa za majadiliano hazibadiliki zenyewe, na kumbukumbu ya kubadilisha jina nayo inaonekana. Mwombe mkabidhi akusaidie kwenye ule ukurasa wako, mweleze kama ulivyotueleza sisi. Mimi naweza kumwandikia pia ukitaka.

#31 BomboMnubi

Miaka yote hii ninaongoza wapya na sijawahi kumwambia hata mmoja juu ya jina. Naandika kwenye daftari langu sasa hivi.

#32 nilikuwa_mmoja

Asanteni. Nimejaza fomu. Nimeomba jina la ndege.

Nikiwa nasubiri nimeona kitu. Kuna makala moja inayotaja Mbale kuwa manispaa. Mbale ni jiji tangu Julai 2020. Nisahihishe sasa kwa jina la zamani, au ningoje jipya?

#33 MpakaMalaba

Hariri sasa. Usiogope.

#34 Fundi_Simu_Arua

Ngoja. Siku chache tu, usizidishe jina pale.

#35 Wanale (Mbale)

Marejeo unayo?

#36 nilikuwa_mmoja

Gazeti, ndiyo. Nimelifungua hapa.